Kufuta si Kutatua: Lugha na Mantiki ya Kutenganisha Betri ya Gari

Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za Kiswahili umejikita katika ofisi na madarasa. Tumejadili kwa kina iwapo tuseme tarakilishi au kompyuta, ilhali fundi wa gereji hufanya kazi kila siku na tarakilishi ndogo kadhaa zilizofichwa ndani ya gari. Makala haya yanachunguza tendo moja tu la gereji, yaani kutenganisha betri kwa nia ya kuzirejesha moduli za gari katika hali ya awali. Yanadai kwamba uteuzi wa vitenzi katika kulieleza tendo hili si suala la mapambo. Kitenzi kikikosewa, huenda mtu akaungua, akaharibu gari, au akauziwa gari bovu akidhani ni zima.

Gari na kumbukumbu zake

Moduli ya injini hupokea taarifa kutoka kwa vitambuzi mbalimbali: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia na oksijeni iliyosalia katika moshi. Kwa injini ya petroli, uwiano unaolengwa kwa kawaida ni takribani gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Injini inapochakaa, au hewa inapopenya kupitia mpira uliopasuka, moduli huongeza au hupunguza mafuta ili kuutunza uwiano huo, kisha hukariri marekebisho hayo. Hitilafu ikizidi mipaka iliyowekwa, moduli huhifadhi msimbo wa hitilafu na kuwasha taa ya injini.

Hapa inafaa tutofautishe aina mbili za kumbukumbu. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo huhitaji umeme wa betri hata gari linapokuwa limezimwa. Ya pili ni kumbukumbu ya kudumu, ambayo huhifadhi taarifa bila umeme wowote. Kutenganisha betri huigusa ile ya kwanza pekee. Ndiyo maana saa ya gari, stesheni za redio na marekebisho ya mafuta hupotea katika magari mengi, lakini idadi ya kilomita na utambulisho wa funguo husalia. Katika magari mengi ya kisasa hata misimbo ya hitilafu huandikwa katika kumbukumbu ya kudumu, na haiondoki kwa kutenganisha betri.

Hatua na mpangilio wake

Maelezo haya yanahusu betri ya kawaida ya volti 12. Magari ya mseto yana betri nyingine kubwa, ambayo katika mengi huzidi volti 200. Hiyo haipaswi kuguswa na asiyepata mafunzo.

Kwanza, gari lizimwe na funguo zibaki nje, kwa sababu baadhi ya milango hujifunga. Pili, mwenye gari ahakikishe anayo nambari ya siri ya redio iwapo redio yake huihitaji. Tatu, nati ya ncha hasi ifunguliwe kabla ya ile ya ncha chanya. Sababu ni kwamba katika magari ya leo bodi nzima imeungwa na ncha hasi. Fundi akianza na ncha chanya, kisha spana yake ikagusa bodi, mkondo mkubwa wa umeme utapita katika spana hiyo, itoe cheche na kumchoma. Kwa kazi hii kuitenganisha ncha hasi pekee hutosha.

Nne, asubiri. Muda hutofautiana kwa kila gari, lakini dakika 15 hadi 30 ndizo hutajwa mara nyingi, kwa kuwa baadhi ya sehemu huhifadhi chaji kidogo baada ya waya kuondolewa. Tano, wakati wa kuunga, iwapo ncha zote mbili ziliondolewa, chanya hutangulia na hasi hufuata. Baada ya hapo injini huenda ikatetemeka au ikanguruma ovyo ikiwa imesimama, hadi moduli ijifunze upya.

Vitenzi na kauli ya kutendua

Mwanafunzi wa mofolojia ataona mara moja kwamba tendo hili linaikaribisha kauli ya kutendua. Nati hufungwa na kufunguliwa. Plagi huchomekwa na kuchomolewa. Hata hivyo, kauli hii haizalishi neno faafu kila mahali. Waya huungwa, lakini hatuwezi kusema huunguliwa, kwa maana *ungua* ni kupatwa na moto. Kwa hiyo twalazimika kutumia *tenganisha*. Vilevile, agizo la *kukata* waya wa betri laweza kumfanya mwanagenzi atafute koleo badala ya spana.

Utohozi nao una mitego yake. Msimbo ukiitwa *kodi*, neno hilo litagongana na kodi ya serikali na kodi ya nyumba. *Msimbo* ni bora. Kwa upande mwingine, *betri*, *waya*, *nati* na *spana* yamekwisha kukita mizizi, na hakuna haja ya kuyang'oa.

Jozi muhimu kuliko zote ni *futa* na *tatua*. *Tatua* hutokana na *tata*. Anayetatua hulifungua fundo lenyewe. *Futa* huondoa alama tu, na kilichoiacha alama hiyo chaweza kuwa palepale. Kutenganisha betri hufuta. Mpira uliopasuka hauzibiki kwa sababu moduli imesahau kwamba umepasuka.

Tofauti hii ina uzito katika biashara ya magari yaliyotumika. Kwa hitilafu nyingi, moduli haiwashi taa hadi ione kasoro ileile katika safari mbili. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuifuta misimbo asubuhi, akamwonyesha mnunuzi gari lisilo na taa yoyote, na taa ikarudi baada ya siku chache, pesa zikiwa zimeshatolewa. Kinga ipo. Moduli ikifutwa, majaribio inayojifanyia yenyewe pia huanza upya. Mnunuzi aombe mashine ya kusomea misimbo iunganishwe, kisha aangalie kama majaribio hayo yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, kuna uwezekano mkubwa kwamba misimbo imefutwa au betri imetenganishwa karibuni. Hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza teknolojia hii kwa usahihi, ila usahihi huo hauji wenyewe. Fundi anayesema "nimeitatua" ilhali amefuta tu huenda hakukusudia kumpotosha mteja, lakini mteja amepotoshwa. Tunapendekeza wanafunzi wa Kiswahili watembelee gereji zilizo karibu na vyuo vyao, wakusanye msamiati unaotumika humo na kuutathmini pamoja na mafundi wenyewe. Kamusi ya ufundi itakayoandikwa bila sauti ya mwenye spana itabaki rafuni, na fundi ataendelea na maneno yake.