SOMO LA VIKUNDI: "LAKINI WATAJUA NILIMPIGIA NANI"

Somo hili ni la ninyi mliochaguliwa kufundisha wapiga kura katika vikundi vyenu. Hatusemi nani achaguliwe. Tunataka tuangalie jambo moja tu, yaani ule woga wa watu kwamba kura yao itajulikana.

Hapa kwetu, kando ya barabara ya Eldama Ravine, watu wametoka pande nyingi wakanunua ploti wakajenga. Kikundi kimoja kina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mkisii na Mjaluo, na kwenye mchango wa matanga hakuna anayeuliza kabila. Uchaguzi ukikaribia, watu huanza kunong'ona. Si bure. Nakuru tuliona nyumba zikichomwa Molo 1992 na Njoro mwanzoni mwa 1998. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani zetu walilala kwenye mahema uwanja wa maonyesho. Mfundishaji asipoukumbuka woga huu, atasema mengi na hatasikika.

Sisi wenyewe tulikosea. Katika kikundi kimoja tulifundisha Katiba ya 2010 saa nzima. Mama mmoja alinyamaza mpaka mwisho. Alipotusindikiza kwa geti ndipo akasema, "Walinipa unga wakaandika namba ya kitambulisho changu. Lakini watajua nilimpigia nani." Kumbe swali lililomleta hatukuligusa.

Jibu lake ni hili. Kitambulisho na ile mashine ya alama za vidole huonyesha tu kwamba umo katika orodha. Karatasi ya kura haina jina lako. Ukishaikunja na kuitumbukiza, inachanganyika na za wengine. Tena ukiandika jina lako au alama ya kukutambulisha, kura hiyo huharibika. Mwenye daftari ana namba yako tu. Kura yako hana. Kitambulisho chenyewe, usimwachie mtu, maana bila hicho hutapiga kura kabisa.

Msimcheke mzee anayebisha. 1988 watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombeaji katika mchujo wa KANU, na jirani, chifu, kila mtu aliona umesimama wapi. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 hata hakurudi kwenye kura ya siri. Mzee asimulie, vijana wasikie. Halafu mwulizeni: tofauti ya siku ile na leo ni nini?

Kisha fanyeni zoezi. Msiweke jina la mwanasiasa wala rangi ya chama. Watu wachague kati ya githeri, mukimo na ugali. Katoni iwe sanduku, leso mbili kwenye kamba ziwe kibanda. Kila mmoja aweke alama peke yake, akunje, atumbukize. Kabla ya kuhesabu, mwaga karatasi mezani, mwambie yeyote atafute ya mwenyekiti. Atageuza na kugeuza, watu watacheka, atashindwa. Hapo nyamaza kidogo. Sisi tumeona mkutano mzima ukibadilika wakati huo.

Kwa wasioona au wasiojua kusoma, wafundisheni kwamba wana haki ya kuja na mtu wanayemwamini. Huyo huapa kutunza siri, na anasaidia mtu mmoja tu. Asiyekuja na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Kijana anayejitolea "kusaidia" nyanya wote wa kijiji, mshukuni.

Juu ya unga na pesa: sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea pia. Wengine hushauri, "Kula zao, piga kura yako." Sisi hatushauri hivyo. Lakini mama mwenye njaa msimwaibishe mbele ya watu. Ongeeni naye kando, mwambieni unga haukununua mkono wake.

Jambo la mwisho ni wageni. Siku moja tuliruhusu mgombeaji mmoja "asalimie tu". Alikuja na kreti za soda, na somo likawa kampeni. Wanachama wawili wa upande mwingine hawakurudi tena, hata kwenye akiba. Tangu hapo, soda ni ya kikundi na mgombeaji hukaribishwa siku nyingine.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika kikundi chetu, nani hunyamaza siasa ikitajwa? Ni nani anaweza kuongea naye?

2. Kuna mtu ameandika namba za vitambulisho hapa kijijini? Alisema ni za nini?

3. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa 5. Ni wanachama wangapi bado hawajajiandikisha, na nani atawasindikiza?