Kiendelezi Kisichofutika: Fuata Zile Herufi 32

Nilipofika stesheneri ya wifi yangu, fundi alikuwa ameshachomeka flashi kwenye kompyuta. Alitaka shilingi 30,000 apige Windows mpya. Nikamwomba aichomoe.

Kompyuta ile ndiyo duka lenyewe. Humo mna barua za wateja, wasifu wa watu wanaorudi kila mwaka kubadilisha mistari miwili, ripoti za wanachuo ambazo wenyewe hawana nakala, na draiva ya printa ya zamani ambayo kuipata tena ni kazi ya siku nzima. Kufuta vyote hivyo kwa sababu ya matangazo ya kubeti ni kumwonea mwenye duka. Wako mafundi wazuri mjini, wengine wamenifundisha mengi. Ila hawa ambao jibu lao la kwanza kwa kila ugonjwa ni kufomati wamewapotezea watu picha za harusi, vitabu vya hesabu na tasnifu zilizobakiza sura moja, na sijui kwa nini tunawavumilia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Wifi akiandika “Bodi ya Mikopo” kwenye kisanduku cha juu cha Chrome, kurasa mbili tatu zinapita haraka bila kusomeka, kisha anatua kwenye matokeo ya utafutaji yasiyo ya Google. Juu ya matokeo hayo yamepangwa matangazo, na tovuti halisi iko chini kabisa. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo, foleni imefika barazani, na mwanafunzi mmoja alishabonyeza tangazo la juu akakuta ukurasa unaomdai namba ya simu. Duka hili linajaza fomu za watu zenye namba za NIDA na vyeti vya kuzaliwa. Kitu kinachosoma kila unachotafuta hakiwezi kuachwa humo hata kwa siku moja.

Chanzo hakikuwa kigumu kukijua. Mteja alileta PDF akataka igeuzwe kuwa Word, kijana wa dukani akatafuta programu ya bure, na ukurasa alioufikia ulikuwa na vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua, vyote vya matangazo. Simlaumu. Kurasa hizo zimetengenezwa na watu wanaolipwa ili kitufe cha kweli kisionekane. Biashara yao ni rahisi: kila utafutaji unaopitishwa kwao, na kila tangazo linalobonyezwa baadaye, huwaletea kamisheni. Kompyuta ya stesheneri inayotafuta kuanzia asubuhi hadi usiku ni shamba zuri kwao.

Sasa hatua. Za mwanzo nazipitia haraka kwa sababu wengi mnazijua: andika chrome://extensions kwenye kisanduku cha anwani, tazama orodha ya viendelezi, ondoa usivyovitambua, rudisha injini ya utafutaji kwenye mipangilio, washa upya. Yale matangazo yanayochomoza kwenye kona ya skrini hata ukiwa umefungua Word mara nyingi si kiendelezi kabisa. Ni arifa za tovuti ambayo mtu aliiruhusu alipoambiwa abonyeze kuthibitisha kuwa si roboti. Zinafutwa kwenye mipangilio ya arifa za tovuti, kwa dakika moja.

Kwa kompyuta ya wifi hatua hizo ziligonga mwamba. Kiendelezi cha “kugeuza PDF” kilikuwepo kwenye orodha, kimewashwa, lakini kitufe cha kukiondoa hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na maelezo kwamba kimesakinishwa na msimamizi. Nikafungua menyu ya Chrome, na chini kabisa nikakuta maandishi kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako.

“Shirika gani, wifi?” akaniuliza. “Duka langu, leseni yangu, kodi nalipa mimi.”

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, na jibu lake ndilo linalofungua mambo yote. Zamani programu yoyote uliyosakinisha iliweza kukupachikia kiendelezi kutoka popote ilipotaka. Mei 2014 Google ilianza kuzuia, kwenye Windows, viendelezi visivyotoka katika duka lake la Chrome. Njia ya maofisi iliachwa wazi, na kwa sababu ya haki: ofisi yenye kompyuta mia inahitaji kuwawekea wafanyakazi wote kiendelezi kimoja bila mtu kukiondoa. Maagizo ya namna hiyo huitwa sera. Huandikwa ndani ya rejistri ya Windows, na mengi kati yake Chrome huyatii bila kuuliza ameyaandika nani. Programu yoyote uliyoiruhusu mara moja kufanya mabadiliko kwenye kompyuta inaweza kuyaandika. Watu wa matangazo wakahamia huko. Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya ReasonLabs ilieleza wimbi moja la namna hii lililowakumba watumiaji wasiopungua 300,000 wa Chrome na Edge. Kwa hiyo ukiona maneno “shirika lako” kwenye kompyuta ya nyumbani au ya duka, mtu mwingine amejiandikisha kuwa bosi wako.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Kama kompyuta ni ya kazini, ya benki, wizara au shule, sera hizo huenda ni halali. Usiguse. Muulize mtu wa TEHAMA.

Hapa ndipo zinapoingia herufi 32, na hii ndiyo mbinu niliyokusudia kuandika tangu mwanzo. Jina la kiendelezi halina maana yoyote. Mtengenezaji anaweza kukiita “PDF”, kesho akakiita “Hali ya Hewa”, na picha yake akaibadilisha. Kitambulisho chake ndicho kinachobaki kilekile. Kwenye ukurasa wa viendelezi washa swichi ya wasanidi programu iliyo juu upande wa kulia, na chini ya kila kiendelezi utaona mfuatano wa herufi ndogo 32, bila nafasi, zote kati ya a na p. Hutakuta q wala z humo. Kila kiendelezi cha Chrome kina mfuatano wake na hakuna kingine kinachofanana nao. Unakili, uubandike kwenye Notepad, usiifunge Notepad hiyo mpaka kazi iishe. Kuanzia hapo hutafuti tena programu ya PDF. Unatafuta herufi hizo popote zilipoandikwa kwenye mashine, kwa sababu anayekirudisha kiendelezi lazima amezitaja mahali fulani.

Mahali pa kwanza ni chrome://policy. Ukurasa huu huonyesha kila sera ambayo Chrome inaitii. Kwenye kompyuta safi ya nyumbani huwa mtupu. Kwa wifi palikuwa na mstari unaoitwa ExtensionInstallForcelist, yaani orodha ya viendelezi vya lazima, na ndani yake zile herufi 32. Nilimwonyesha wifi, nikamsomea moja moja kutoka kwenye Notepad naye akifuata kwa kidole kwenye skrini, na zilipolingana mpaka ya mwisho fundi naye akasogeza kiti. Hakuwahi kuuona ukurasa ule.

Mahali pa pili ni rejistri. Andika regedit kwenye kisanduku cha Windows, uifungue kama msimamizi, uende HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Njia hiyohiyo inaweza kuwepo pia chini ya HKEY_CURRENT_USER, nayo uitazame. Kabla ya kufuta chochote, bonyeza folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na utoe nakala yake uihifadhi. Nikafuta orodha, nikarudi chrome://policy nikaagiza sera zisomwe upya, na kitufe cha kuondoa kikajitokeza palepale. Nikakiondoa kiendelezi, nikawasha kompyuta upya.

Kikarudi. Herufi zilezile, kwenye orodha ileile.

Nataka msomaji akae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kumwita fundi wa kufomati. Kikirudi baada ya kuwasha, kimekupa habari nzuri sana: kuna kitu kinachoamka pamoja na kompyuta na kuandika upya ile sera. Na kitu kinachoamka kwa ratiba kina ratiba iliyoandikwa. Windows inaziweka ratiba hizo kwenye programu iitwayo Task Scheduler. Ndani yake zimo kazi nyingi na ukizitazama zote macho yatachoka. Za Microsoft zenyewe karibu zote zimewekwa ndani ya folda ya Microsoft, kwa hiyo anza na zile zilizolala nje, kwenye ngazi ya juu. Huwa chache. Usisome majina, maana mdanganyifu hujipa jina la heshima. Fungua kila moja, uende kwenye sehemu inayoonyesha kazi hiyo inafanya nini hasa.

Moja ilikuwa imejipa jina la kazi ya kusasisha kivinjari. Ilipangwa kuamka kila mtu anapoingia kwenye kompyuta, na ilichokuwa ikifanya ni kuita PowerShell isome faili lenye mwisho wa .ps1 lililofichwa ndani ya folda ya AppData ya wifi. Nikalifungua faili hilo kwa Notepad, bila kuliendesha. Nikabonyeza Ctrl na F, nikabandika herufi 32. Zilikuwa katikati ya faili. Kelele niliyopiga iliwafanya wanafunzi wa foleni wageuke.

Kama ratiba haikuonyeshi kitu, unaweza kuzitafuta herufi hizo kwa mstari mmoja wa amri kwenye cmd, ukiweka herufi zako mahali pa neno HERUFI:

findstr /s /m /c:"HERUFI" "%APPDATA%\*.ps1"

Rudia kwa %LOCALAPPDATA%. Waandishi wengine huficha herufi hizo kwa kuzivuruga, na hapo amri haitakuta kitu, ila wale wa matangazo ya bei rahisi hawajisumbui. Kazi ya ratiba inayoita PowerShell kutoka AppData kwenye kompyuta ya duka inatosha kutiliwa shaka hata bila kukuta herufi.

Mpangilio wa kufuta ni muhimu kuliko kufuta kwenyewe. Kwanza ratiba, ili isiamke tena. Pili faili la .ps1. Tatu orodha ya kwenye rejistri. Kiendelezi chenyewe kinakuja mwisho. Ukianza na kiendelezi unafanya kazi ya bure. Baada ya hapo tazama pia njia ya mkato ya Chrome iliyo kwenye desktopu: bonyeza kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na baada ya chrome.exe pasiwe na anwani ya tovuti wala maneno --load-extension. ChromeLoader, iliyosambaa mwaka 2022 ndani ya mafaili ya michezo na programu za wizi, ilitumia maneno hayo na ratiba kama hii. Mwisho nikapitisha AdwCleaner ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure, ndogo, na haikutishi ili ununue kitu. Ilikusanya mabaki. Zile nyingine zinazokuonyesha namba nyekundu za “matatizo” mia kadhaa kisha zikadai dola, zifungie nje. Nyingi zina tabia ileile ya mdudu unayemtafuta.

Chrome yenyewe ilikuwa na kisafishaji chake kwenye Windows, lakini Google ilikiondoa mwaka 2023. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayokutuma huko, usipoteze muda.

Wifi aliniuliza kwa nini kiendelezi chenye nyota nyingi na sifa tele kiwe kibaya. Nyota ni za jana. Mwaka 2014 mtengenezaji wa Add to Feedly alieleza jinsi alivyokiuza kiendelezi chake, na jinsi wanunuzi walivyosukuma matangazo kwa watumiaji wote kupitia sasisho la kawaida, bila wao kubonyeza kitu. The Great Suspender, iliyopendwa na watu zaidi ya milioni mbili, iliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikaizima kwa sababu ya msimbo hatari. Kwa hiyo nilichobakisha kwenye kompyuta ya duka ni kiendelezi kimoja tu, cha kuzuia matangazo. PDF zinageuzwa ndani ya Word yenyewe: ifungue PDF kwa Word, itakugeuzia, na kwa barua za kawaida inatosha.

Jambo la stesheneri peke yake: wateja huingia kwenye akaunti zao za Gmail ili wachapishe, na wakikubali usawazishaji, viendelezi vyao vya nyumbani vinakuja nao dukani. Tumewafungulia dirisha la mgeni, lile linalopatikana kwenye picha ya wasifu juu kulia. Wakilifunga, akaunti yao inaondoka nalo.

Fundi alichukua picha ya skrini ya njia ya rejistri kwa simu yake. Wifi akamlipa nauli, si zile 30,000.

Kwa wenye Edge, kila kitu ni kilekile, ila ukurasa ni edge://policy na folda ya rejistri ni SOFTWARE\Policies\Microsoft\Edge. Firefox ina about:policies, na huko tazama pia kama kuna faili la policies.json ndani ya folda ya distribution, pale Firefox iliposakinishwa. Vitambulisho vyake havifuati mtindo wa herufi 32. Utakuta kitu kinachofanana na anwani ya barua pepe au mabano yenye tarakimu na herufi ndani, na kinatafutika kwa njia ileile.