Kipimo Kisichofikiwa

Mwanafunzi wa Bengamisa anayesoma Kisangani anaweza kuwa na kompyuta moja tu, lakini ndani yake akaendesha kompyuta nyingine mbili za kujifunzia. Hizo ndizo mashine pepe: kila moja ni programu inayojifanya kompyuta kamili. Kwenye Linux, inayoziwasha, kuzizima na kuzisimamia mara nyingi ni libvirt, mradi ulioanza mwaka 2005 na ulioandikwa kwa lugha ya C.

Tuanzie chini kabisa. Programu ya C ikihitaji nafasi kwenye kumbukumbu, lazima iombe. Ama itapewa, ama itajibiwa NULL, yaani hakuna. Ndiyo maana fanksheni za libvirt zilipima kila ombi: nafasi ikikosekana, rudisha -1. Fanksheni iliyoita nayo ipime, isafishe ilichoanza, irudishe -1. Na iliyoiita hiyo, vilevile. Ombi la kuhifadhi jina tu lilizaa mistari ya tahadhari ghorofa kwa ghorofa.

Mwaka 2019 mradi ukaanza kuegemea maktaba ya GLib. Humo, g_new0, inayoomba nafasi ya kumbukumbu, ikiikosa hairudi kumwambia mtu. Inaiua programu papo hapo. Chukua barieri mbili kwenye barabara ya Buta, moja Bengamisa, nyingine mlangoni mwa Kisangani, bila njia ya panya katikati. Ikiwa ya kwanza haipitishi kamwe lori lisilo na karatasi, karani wa ya pili anayengojea malori ya namna hiyo atangoja mpaka astaafu.

Kipimo kilichoandikwa chini ya g_new0 ni karani huyo. Kifute, na fanksheni ambayo haikuwa na sababu nyingine ya kushindwa haishindwi tena: int yake, yaani namba inayorudishwa, inageuka void, yaani hairudishi kitu. Hapo kipimo cha aliyeiita nacho kimekufa, na ufagio unapanda ghorofa ya juu.

Kuua programu nzima kunaonekana ukatili, ila Linux kwa kawaida hukubali ombi dogo hata kumbukumbu ikibana. Kurasa halisi, mara nyingi za baiti 4096, hutolewa programu inapoanza kuziandika. Zikiisha kweli, kiini cha mfumo huchagua programu ya kuua. Tena kila mashine pepe inayoendeshwa na programu ya QEMU ni mchakato wa peke yake: libvirt ikianguka, zenyewe zinaendelea, nayo ikiwashwa upya huungana nazo.

Mistari isiyofikiwa haipimiki, na humo ndimo hujificha makosa kama kuachilia nafasi ileile mara mbili. Lakini usifute kwa mazoea. Faili la diski linaweza kukosekana, QEMU inaweza kukataa kuwaka. Hata ombi la kumbukumbu lifuate hadi chini uone linabebwa na nani: g_try_malloc bado hurudisha NULL, na kipimo chake kinabaki.