KITI KIKIWA WAZI



Katika vikundi vyetu kuna swali ambalo wengi huogopa kuliuliza: mwenyekiti akimaliza muda wake, nani atashika usukani? Hebu tuangalie mahali ambapo watu hulijibu kila baada ya miaka 4.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake. Katika jimbo la Virginia, katiba haimruhusu gavana kutumikia vipindi viwili mfululizo. Akimaliza miaka 4, lazima apumzike. Kwa hiyo, kila uchaguzi huwa kiti ki wazi, na wote wanaoomba kura wanaanzia chini.

Je, faida ni gani? Mwaka 1989 gavana Gerald Baliles hakuweza kusimama tena. Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa, alisimama na kushinda kwa kura zisizofika 7,000. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana katika Marekani nzima. Mwaka 2025 kiti kilikuwa wazi tena. Abigail Spanberger alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Virginia.

Tena, anayetoka hafungiwi mlango. Mills Godwin alitoka mwaka 1970, akapumzika, akachaguliwa tena 1973. Lakini Terry McAuliffe, aliyetoka 2018, alijaribu tena 2021 akashindwa na Glenn Youngkin. Basi tunaona kwamba wananchi ndio wanaoamua, si cheo cha zamani.

Hasara nayo iko. Miaka 4 ni michache, na kazi aliyoianza mmoja humaliziwa na mwingine. Hata sisi, kama hesabu na mipango iko kichwani mwa mtu mmoja, siku akitoka kikundi kinaanza upya. Au kinakufa kabisa. Kwa hiyo tusingoje siku ya uchaguzi. Tuandike kila kitu, na msaidizi afundishwe kazi mapema.

Kiti ni cha kikundi. Anayekikalia ameazimwa tu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katiba ya kikundi chetu inasema kiongozi atakaa miaka mingapi? Je, tunaifuata?
2. Mweka hazina akitoka leo, nani anajua vitabu viko wapi na pesa ni ngapi?
3. Ni nani kati yetu, kina mama na vijana, hajawahi kupewa nafasi? Kwa nini?