Fangasi wa Vidoleni na Mapunye ya Kichwani

Ndugu wanafunzi, sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tunajua kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu ili maji yafike. Lakini wengi wetu tukitoka hapo huvaa soksi miguu ikiwa bado na majimaji, na fangasi hupenda unyevu huo. Ngozi huwasha, hugeuka nyeupe na kuchanika.

Krimu ya clotrimazole ya asilimia 1 huuzwa duka la dawa bila cheti cha daktari. Tuoshe miguu, tuikaushe kwa taulo yetu wenyewe, kisha tupake kidogo mara 2 kwa siku, tukivuka ukingo wa sehemu iliyoathirika. Kosa letu kubwa ni kuacha mara tu muwasho unapoisha. Miguu huweza kuhitaji hadi wiki 4. Krimu zenye betamethasone (ambazo wengine, subhanallah, hujichubulia) hutuliza muwasho huku fangasi wakienea.

Mapunye ya kichwani ni jambo jingine. Krimu haifiki ndani ya shina la unywele, hivyo mtoto apelekwe kituo cha afya apewe dawa ya kumeza, wala kofia yake isivaliwe na mwenzake.