Kabla hujaandika "kama mpya": namna ya kukagua santuri za mtumba

Somo la leo nimelilipia ada kwa hela yangu mwenyewe.

Nilipoanza kuuza santuri mtandaoni nilipata sahani moja ya muziki wa dansi, ile ndogo ya inchi 7. Nikaiangalia kwa taa ya dukani, inang'aa. Nikaandika "kama mpya", mteja wa nje akalipa. Wiki tatu baadaye ananiambia inakwaruza mwanzo mpaka mwisho. Nikamrudishia hela yote, na gharama ya posta ndiyo imeshakwenda. Faida ya mwezi mzima ikaishia hapo. Mteja hakuwa na kosa. Mimi niliangalia, sikukagua.

Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. Mwanga. Shika santuri kwa ukingo na lebo, vidole visiguse mifereji. Iweke juani au kwenye tochi ya simu, halafu iinamishe taratibu. Mwanga ukija kwa ubavu, mikwaruzo inajitokeza. Ukiona mifereji ina ukijivu badala ya weusi, mara nyingi sindano mbovu imeshaila.

2. Ukucha. Ukiona mkwaruzo, pitisha ncha ya ukucha juu yake kwa wepesi sana. Usipokwama, huenda usisikike. Ukikwama, tegemea kelele.

3. Kupinda. Inyanyue usawa wa jicho uitazame kwa ubavu. Iliyoachwa kwenye joto inapinda, na sindano inaweza kuruka.

4. Tundu la katikati. Mistari midogo kwenye lebo kuzunguka tundu inaonyesha imewekwa kwenye mashine mara nyingi. Kama lebo ina jina la mtu kwa kalamu, litaje.

5. Sikio. Hapa usikwepe, ipige pande zote mbili. Tik inayojirudia kwa mpigo ni mkwaruzo: kwa santuri ya mizunguko 45 inakuja kila baada ya sekunde 1.3 hivi, kwa ya 33 kila sekunde 1.8. Tik za ovyo ovyo huenda ni vumbi tu. Safisha kwa kitambaa laini na maji yaliyochemshwa mvuke (yale ya betri yasiyo na asidi), ukifuata mzunguko wa mifereji, halafu sikiliza tena. Angalizo: zile nzito za zamani za mizunguko 78 usizipake spiriti, inaziyeyusha.

Sasa madaraja. Wanunuzi wa nje wanatumia herufi: NM ni karibu na mpya, VG+ ina alama ndogo zisizosumbua, VG ina kelele lakini muziki unasikika vizuri, G imechoka ila inapiga bila kuruka. Kava linapewa daraja lake peke yake. Kwa kawaida VG+ inakadiriwa nusu ya bei ya NM, na VG robo. Ndiyo maana mkono unawasha kuandika daraja la juu. Sheria yangu ni moja: ukisita kati ya mawili, andika la chini.

Santuri nyingi za dansi za miaka ya 1970 zilipigwa sana, kwa hiyo VG si aibu. Aibu ni kuificha.

Yule mteja wangu alirudi mwaka uliofuata. Safari hii niliandika: "VG, tik sita mwanzo wa upande B, lebo ina jina kwa wino." Alilipa bila kuomba punguzo, akaniuliza nina nyingine ngapi.

Haya, wenye santuri za wazee stoo, tochi mkononi. Kazi kwenu.