Visu vya Kukunja vya Sheffield: Maswali na Majibu

Kisu cha kukunja cha Sheffield kina sehemu chache: ubapa mmoja hadi bapa tatu, springi ya chuma mgongoni, bamba nyembamba za shaba kwa ndani, na vipande viwili vya mpini vya mfupa, pembe, mti au seluloidi vilivyokazwa kwa riveti. Hakina loki. Kinachouzuia ubapa usijifunge ni mkazo wa springi peke yake. Mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, una chama cha watengenezaji visu kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na katika karne ya 19 visu vyake viliuzwa kote ambako meli za Kiingereza zilitia nanga. Maswali yanayofuata ni ya watu waliovirithi, wanaovikusanya au wanaotaka kutembea navyo.

Ubapa wa kisu cha zamani umegeuka mweusi. Kutu hiyo inaondolewaje?

Barua za swali hili ni nyingi kuliko zote. Mmoja anauliza kama ndimu na chumvi vinafaa, mwingine anauliza habari za siki, mwingine ameambiwa akilaze kisu usiku kucha ndani ya soda ya kola, na mwingine fundi amemhakikishia kwamba msasa na mashine ya kung'arishia vitamaliza kazi kwa dakika tano. Wote wanajibiwa pamoja kwa kuwa wote wameanza na kosa lile lile. Weusi ule si kutu.

Bapa za zamani ni za chuma cha kaboni kisichochanganywa na kromiamu. Chuma hicho kikikata embe bichi, ndimu au kitunguu, asidi yake hushika usoni, na jioni ile ile huonekana madoa ya buluu na kijivu. Kisu kikitumika miaka mingi, madoa huungana yakawa rangi moja ya kijivu iliyokolea, pengine nyeusi kabisa karibu na mgongo. Tabaka hilo ni jembamba, limekazana na kushikana na chuma chenyewe, na hupunguza kasi ya hewa na unyevu kukifikia chuma kilicho chini yake. Ni kinga, ingawa si kinga kamili.

Kutu ina tabia tofauti kabisa. Rangi yake ni ya udongo mwekundu. Hufura, ikachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, kisha hupasuka na kubanduka. Ndani yake mna vitundu vinavyoshika maji, ndiyo maana haikomi yenyewe. Huendelea kuchimba mpaka iache mashimo. Mombasa, Tanga au Unguja, ambako upepo wa bahari umebeba chumvi na chumvi huvuta unyevu, kisu kilichoachwa bila mafuta kinaweza kuanza kuliwa ndani ya siku chache.

Kutofautisha hakuhitaji fundi. Kitambaa cheupe kitiwe matone mawili ya mafuta ya cherehani, kisha ubapa usuguliwe taratibu kuanzia shinani kuelekea nchani, vidole vikikaa upande wa mgongo. Kitambaa kikitoka na wekundu wa udongo, pana kutu. Kikitoka safi au na kijivu hafifu, hapana kutu, na kazi imekwisha.

Kutu ya kweli ikionekana, mahali hapo patiwe mafuta na kuachwa siku nzima, kisha pakwanguliwe kwa ukingo wa kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha kisu, kwa hiyo hubandua kutu bila kuuchora ubapa. Huenda kazi ikahitaji kurudiwa mara kadhaa. Mashimo yaliyokwisha kuchimbwa yaachwe yalivyo. Kuyafuta maana yake ni kukishusha chuma chote kinachoyazunguka.

Dawa za mtaani zinadhuru kwa njia tatu. Asidi ya siki au ndimu haichagui: hula kutu, na ikimaliza hula chuma, tena hupenya kwenye kiungo ambako kitambaa hakifiki. Chumvi hubaki humo na kuendelea kuvuta unyevu baada ya kisu kurudishwa kabatini. Msasa na mashine ndiyo mabaya zaidi. Mhuri wa mtengenezaji umepigwa kwenye shina la ubapa kwa kina kisichofika milimita moja, na gurudumu la kung'arishia huufuta kwa muda mfupi mno. Pamoja na mhuri hupotea pembe kali za ubapa na alama za gurudumu la kwanza, yaani ushahidi wote wa mkono uliokitengeneza kisu. Anayetangaza kwamba anakirudishia kisu cha zamani upya wake anauza uharibifu, na wenye visu waache kumlipa.

Kisu kilichokwisha kupigwa msasa kinaweza kurudishwa kilivyokuwa?

Hapana. Kipakwe mafuta, kitumike.

Umri wa kisu unajulikanaje?

Kwa mhuri kwanza, kisha kwa chuma. Neno ENGLAND likiwapo, yaelekea kisu ni cha baada ya 1890, mwaka ambao Marekani ilipitisha sheria ya forodha iliyodai bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Taji katikati ya herufi V na R ni la enzi ya Malkia Victoria, aliyefariki 1901. Taji katikati ya G na R linaweza kuwa la George V au George VI, kwa hiyo peke yake halitoshi. Neno STAINLESS linaondoa ubishi mwingi: Harry Brearley alianza kutengeneza chuma kisichoshika kutu katika maabara ya Sheffield mwaka 1913, na kisu chenye neno hilo hakiwezi kuwa cha kabla yake, hata muuzaji akiapa kwamba babu yake alipewa na mmisionari wa kwanza.

Jina la Sheffield lenyewe si uthibitisho. Katika karne ya 19 viwanda vingine, hasa vya Ujerumani, vilipiga mihuri ya Sheffield kwenye bidhaa zao, na malalamiko ya watengenezaji yalichangia kuleta sheria ya alama za biashara ya Uingereza ya 1887. Mihuri ya kampuni kubwa, kama nyota na msalaba wa Joseph Rodgers au I*XL ya George Wostenholm, ndiyo iliyoigwa zaidi. Kisu cha kweli hujulikana kwa kazi yake: springi inalala sawa na mgongo ubapa ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, ubapa hauyumbi kwenye kiungo, na ukifungwa haugusi bamba za shaba.

Mpini mweupe ni wa pembe ya ndovu? Wapo wanaosema uchomwe sindano ya moto.

Sindano ya moto isikaribishwe. Mipini mingi myeupe ni ya seluloidi, na seluloidi hushika moto upesi kama utambi. Anayefanya jaribio hilo mezani anaweza kuunguza mkono, kisu na kitambaa cha meza kwa pamoja.

Kinachohitajika ni kioo cha kukuzia na mwanga mzuri. Mfupa huonyesha vitone na vijistari vyeusi, njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Seluloidi iliyoiga pembe ina mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa mno isivyo kawaida ya kitu kilichoota. Pembe ya ndovu, kwenye uso uliokatwa kukingama, huonyesha mistari miembamba inayopishana kama wavu.

Swali hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe zilizobebwa na misafara kutoka Tabora, Ujiji na mbali zaidi, na wapagazi wengi walikufa njiani. Pembe za upande huu zilipendwa kwa ulaini wake, na Sheffield ilikuwa miongoni mwa miji iliyozitumia kwa wingi. Kampuni ya Joseph Rodgers ilikuwa na ghala lililojaa pembe. Mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Nchini Tanzania, kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kosa lenye adhabu ya miaka mingi gerezani, na Kenya nayo ina sheria kali. Uingereza yenyewe, tangu Juni 2022, imekataza kuuza na kununua vitu vyenye pembe ya ndovu isipokuwa kwa misamaha michache, kama vitu vya kabla ya 1947 ambavyo pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake. Mpini mzima wa pembe kwa kawaida hupita kiasi hicho. Mkusanyaji asinunue, asiuze, wala asisafiri na kisu cha namna hiyo kwa neno la dalali tu.

Visu vimehifadhiwa ndani ya sanduku kavu, vimepakwa mafuta, lakini vimeshika kutu vyote. Kwa nini?

Kitafutwe kimoja chenye mpini wa seluloidi, hasa ulioiga gamba la ng'amba au lulumizi. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa gesi za nitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu huwa asidi. Dalili ni mpini wenye nyufa au jasho linalonata, harufu kali inayofanana na kafuri, na kutu iliyozidi pale ubapa unapolala karibu na mpini. Ndani ya sanduku lililofungwa, kisu kimoja kinachooza huviambukiza vingine vyote. Kitolewe, kikae peke yake mahali penye hewa. Hakuna dawa ya kuuzuia uozo uliokwisha kuanza, na gundi au vanishi ni kuficha tu.

Ala ya ngozi pia si mahali pa kuhifadhia. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha huacha ukungu wa kijani kwenye shaba.

Kisu kipelekwe kwa mnoaji wa gurudumu la baiskeli?

Kisu cha jikoni, sawa. Cha zamani, hapana. Jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hupasha moto ukingo, na chuma cha kaboni kikivuka joto lililotumika kukikaza, hulainika. Makali yakionyesha rangi ya buluu, ugumu umekwisha kupotea pale. Kinoo chenye maji au mafuta, mkono uliotulia na pembe isiyobadilika vinatosha.

Kisu chenye bapa nyingi ni bora zaidi?

La. Joseph Rodgers walitengeneza kisu cha bapa 75 kwa Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Kilikuwa cha kutazamwa.

Ni kweli kumpa mtu zawadi ya kisu huvunja urafiki?

Si kweli.

Kisu cha kukunja kinafaa kubebwa kwa kujihami?

Hakifai, na wanaouliza hivi wanatia wasiwasi kuliko wote. Kisu kisicho na loki kikisukumwa kwa ncha dhidi ya kitu kigumu hujifunga juu ya vidole vya aliyekishika. Kimetengenezwa kukata kamba, tunda, penseli na tumbaku.

Sheria nazo haziungi mkono nia hiyo. England na Wales, sheria ya 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kutoa sababu. Mahakama zimekwisha kuamua kwamba kisu chenye loki hakimo katika ruhusa hiyo. Hata kilicho ndani ya kipimo hugeuka silaha ya kosa mara mwenyewe anaposema amekibeba kwa ajili ya kumdhuru mtu. Visu vya kufyatua kwa kitufe vimekatazwa huko tangu sheria ya 1959, na si vya jamii hii. Kenya na Tanzania, sheria za jinai zinaadhibu kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu bila sababu halali, kwa hiyo kisu kikae kimefungwa mfukoni hadi pawe na kitu cha kukata.

Mahakamani, shuleni na kwenye mikutano ya hadhara kiachwe nyumbani. Safari ya ndege ikiwapo, kiwekwe kwenye begi linalokabidhiwa kaunta, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Kikisahaulika mfukoni huchukuliwa ukaguzini, na mara nyingi hakirudishwi.